Vibati vya Fundi Mihambo na Miwani Yenu

Wajukuu zangu wa pale chuoni, shikamoo zenu nilizipokea zote na chai yenu nikainywa. Kisha mkanifunga lile dude usoni. "Bibi, sasa hivi utakiona kiwanda kama enzi zako," mkasema. Sikumaliza hata safu moja ya mashine. Nilitapika kwenye ndoo yenu ya kudekia, na chai yenu mkarudishiwa. Nikamsikia mmoja akinong'ona kwamba ni uzee. Si uzee, mtoto mzuri. Nimefanya kazi juu ya ngazi, kwenye joto la kuivisha ndizi, koleo mdomoni na waya mkononi, na sijawahi kutapika. Nilitapika kwa sababu mmetengeneza kitu kibaya. Mliniomba maoni, na nilipoanza kuyatoa mkaanza kuchungulia simu. Basi nimeyaandika. Mtayasoma kwenye hizo hizo simu.

Kwa wale ambao hawakuwepo siku ile: naitwa Veronika, fundi umeme mstaafu, mzaliwa wa Kinole. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro tangu kilipokuwa shirika la umma hadi nilipostaafu chini ya mwekezaji. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumwambia mfumaji kwamba mashine yake imesimama. Msicheke. Ninyi mna digrii ya kazi hiyo hiyo, ila yenu ina jina refu.

Miwani yenu mnaiita ya uhalisia pepe. Kwetu pepe ni punje ya mpunga isiyo na kitu ndani, kwa hiyo jina halikunishangaza. Niliona ukumbi wa kufuma msafi kuliko zahanati, hauna vumbi la pamba, hauna kelele, hauna mtu anayepiga chafya. Mbele ya pua yangu mlikuwa mmening'iniza saa, alama, mshale wa kijani, kengele na kadada ka katuni kanakonipungia mkono. Vyote vinachezacheza kama watoto waliokosa mlezi. Pembeni, kulia na kushoto, pale ambapo mfumaji anaishi, mmeweka giza. Nikawa kama punda wa mkokoteni aliyezibwa macho ubavuni. Nikageuza kichwa nione mashine za kando. Nikageuza tena. Tena. Ndipo tumbo likakataa.

Ningeweza kuwasamehe hilo, maana tumbo langu si mali ya taifa. Lakini yule kijana wenu mwenye ndevu za kuchonga alisema neno moja ambalo sijalisamehe. "Mfumo unajua mtu anatazama wapi, Bibi. Anayegeuka-geuka ovyo anakatwa alama za utulivu. Mwezi ujao kiwanda kipya kitachagua wafanyakazi kwa miwani hii."

"Watachaguliwa kwa macho?" nikauliza.

"Kwa macho, Bibi. Haina longolongo."

Haina longolongo! Mtoto wa mtu atapanda gari toka Matombo na cheti chake kwenye mfuko wa rambo, atavishwa ndoo hii usoni, atageuka kutafuta mashine mlizomficha, na mtamrudisha kwao kwa sababu shingo yake imefanya kazi. Namjua mtu aliyefanyiwa hivyo kabla ninyi hamjazaliwa, na haikuhitaji miwani wala kompyuta. Nitamfikia. Kwanza jifunzeni kidogo, maana hamjui kitu.

Mfumaji hatazami mashine. Hilo ndilo la kwanza. Mfumaji anasimama kwenye ujia, mashine upande huu na mashine upande ule, na uzi wa mtande, ule wa urefu wa kitambaa, ukikatika anainama kuunga. Macho yake yapo kwenye fundo, fundo dogo kuliko punje ya ulezi. Wakati huo mashine nyingine zinaendelea, na yoyote inaweza kusimama. Akiinua kichwa kila mara kuhakikisha, fundo halitakamilika. Asipoinua, mashine inalala na kitambaa hakisogei. Anachofanya ni kuziacha zile nyingine kwenye pembe ya jicho, kama mama anayechambua mboga huku mtoto anatambaa karibu na jiko. Hamtazami mtoto. Lakini mtoto akigusa jiko, mkono wa mama umeshafika.

Fanyeni jaribio, kama mna dakika moja ya kupoteza mbali na simu. Kaza macho kwenye msumari ukutani. Mwenzako asimame nyuma yako ashike penseli ya rangi usiyoijua, ailete taratibu toka sikioni kwako kuja mbele. Utajua kuna kitu kinakuja mapema sana. Rangi yake hutaijua hadi ikaribie pua. Maandishi yake ndiyo usitaje kabisa. Pembe ya jicho haisomi, na rangi inazikisia tu. Inachojua ni kwamba kitu kimeshtuka, na inakijua haraka kuliko jicho la mbele. Sasa mtu akija na elimu yake akaweka pembeni neno "TAHADHARI" kwa herufi nyekundu ndogo, nimwite nani huyo? Anaandikia barua mtu asiyejua kusoma, kisha anamlaumu kwa kutojibu.

Haya sikuyapata chuoni. Chuoni nilifundishwa kuunga waya, na waya nilizijua. Haya nilifundishwa na Fundi Mihambo, Mnyamwezi mmoja mfupi mwenye tumbo la kutembea mbele yake, mkuu wa karakana yetu ya umeme. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kwa hiyo yule mzee alikuwa na kibali cha kunitukana kila siku ya Mungu, nami nilikuwa nacho. Siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini akasema, "Wameniletea Mluguru! Watu mnaotazama nyayo zenu tu msije mkaporomoka mlimani."

"Na ninyi mnatazama mizigo ya watu kichwani, mnaibeba hadi pwani," nikamjibu.

Akafurahi sana. Kuanzia hapo akawa ananirushia bobini tupu, kile kijiti cha kuzungushia uzi. Nipo nimeinama nakaza skrubu, bobini inakuja toka ubavuni. Nikigeuza shingo anatikisa kichwa kwa dharau. Humo ukumbini kelele ya mashine ilikuwa kubwa, mtu hasikii hata mawazo yake, tulizungumza kwa midomo na mikono. Midomo ya Mihambo ilisema neno moja tu: "Shingo!" Nilivimba bega, nikamlaani yeye na ukoo wake mpaka Tabora. Siku nilipoikinga bobini kwa kiganja huku macho yangu hayajabanduka kwenye skrubu, alinipa soda. Soda zilikuwa adimu miaka ile. Nikajua nimehitimu.

Msidhani Mihambo alizaliwa anajua. Alikosea vizuri tu. Mwanzoni alifunga vitambaa vyekundu kwenye mashine zote, vikicheza mashine ikienda na kutulia mashine ikisimama. Alijisifu wiki nzima. Wafumaji wakaanza kuumwa kichwa. Vitambaa vinacheza kila upande, kutwa nzima, na kimoja kikitulia katikati ya vile vinavyocheza nani atakiona? Ilikuwa kama kumtafuta aliyenyamaza kwenye ngoma. Mfumaji mmoja, Asumpta, mtu wa kwetu Kinole, alimfuata akamwambia kwa mikono na midomo yake yote, "Mzee, umetuletea harusi. Ondoa."

Mihambo hakubisha. Aliviondoa mwenyewe, akavitumia kufutia grisi. Akatuambia karakana nzima: "Kinachocheza muda wote hakisemi kitu. Kitu kitulie, na siku kikicheza kiwe na neno." Kale kadada kenu ka katuni kanapunga mkono tangu mtu anaingia hadi anatoka. Kana neno gani?

Baada ya hapo ndipo akatengeneza vibati. Kipande cha bati ukubwa wa kiganja, amekipaka rangi nyeusi na mstari mweupe katikati, kimening'inizwa kwenye bawaba ubavuni mwa mashine na kushikiliwa juu na koili ndogo ya umeme. Mashine ikienda, kibati kimelala juu, kimya, humuoni mtu akikijali. Mashine ikisimama, umeme wa koili unakatika, kibati kinaanguka paa! na kuning'inia kikitikisika. Ukutani nyuma yake kulikuwa na chokaa iliyofifia. Cheusi na cheupe kinachoshtuka mbele ya kitu kisichoshtuka. Mfumaji ameinama na fundo lake, pembe ya jicho inamwambia: kule, ya tatu. Anamaliza fundo, anakwenda kule. Hakuna kutafuta.

Hata urefu wa kukitundika tulibishana. Mimi nilitaka juu, kwenye nguzo, kionekane na kila mtu. Mihambo akamwita Asumpta. Wafumaji wetu walijifunga khanga kichwani ikabana hadi juu ya nyusi na nyuma ya masikio, kwa ajili ya vumbi la pamba. Akamwambia ainame kama anaunga uzi. Khanga ikawa paa la nyumba. Chochote kilicho juu ya bega hakipo duniani. Tukavishusha vibati hadi usawa wa kiuno. Nawauliza, je, miwani yenu mmewahi kumvisha mtu mwenye hijabu? Mwenye rasta? Au mmevishana ninyi kwa ninyi, vijana wenye vichwa vya kunyolewa, mkapongezana?

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Ninyi mnaisoma kwenye vitabu kama mvua ya baraka. Kwa mlaji ilikuwa baraka, sikatai. Sabuni ilirudi madukani, na mimi nilinunua redio. Lakini mitumba iliingia kwa marobota, shati zuri la Ulaya kwa bei ya kuchekesha, na vitenge vya nje vinavyong'aa kama mgongo wa samaki. Nani tena atake shuka letu zito? Watu wale wale waliopiga makofi kiwanda kilipofunguliwa walipita getini kwetu wamevaa hiyo mitumba, kafa Ulaya, wanatuuliza mbona hatufanyi kazi. Zamu zikapunguzwa, kisha watu, kisha umeme ukakatwa. Mihambo alikuwa kwenye kundi la kwanza kupunguzwa. Alinikabidhi bisibisi yake moja akasema, "Mtani, vibati visitoke hapo vilipo." Hakukosea hesabu, alikosea kunikabidhi mimi nisiye na cheo.

Kiwanda kikakaa kimya, popo wakahamia. Kisha tukasikia kuna mwekezaji. Atakuja mkaguzi wake kufanya majaribio ya siku moja, aone mashine na watu, kisha achague nani anabaki na nani anakwenda nyumbani. Wengi walikuwa wameanza kuuza maandazi na mkaa. Asumpta alikuwa na watoto shuleni na mumewe alishakwenda zake Kisaki kwa mwanamke mwingine. Alinambia waziwazi, "Vero, nikikosa hapa narudi mlimani kulima ndizi, na watoto wanaacha shule. Sina cha tatu." Hofu hakuwa nayo. Alikuwa mfumaji bora kuliko wote na alilijua hilo. Na mimi nililijua.

Sasa sikilizeni akili za watu wazima. Ikaundwa kamati ya mapokezi, mwenyekiti wake Afisa Utumishi, mtu mwenye suti moja na maneno elfu. Mnajua sisi tukisikia mgeni anakuja tunafanyaje. Hatumuulizi mgeni anataka kuona nini. Tunapaka rangi. Mawe ya barabarani tunayapaka, mashina ya miti tunayapaka, kama kuku angesimama wangempaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kamati ikapata madebe ya rangi ya krimu toka wapi sijui, na vijana wa kibarua wakaambiwa wapake kila kitu ukumbini kisichokimbia. Kuta krimu. Nguzo krimu. Ubavu wa mashine krimu. Na vibati vya Mihambo, mbele na nyuma, bawaba na yote, krimu.

Nilivikuta vimeshapakwa. Nilimfuata Afisa Utumishi nikamwambia vile vibati lazima vikwanguliwe.

"Fundi Vero," akasema, "yale mabati ni aibu ya enzi za kukosa vitu. Tulitaka kuyang'oa, tumeyaachia kwa heshima yako. Yamependeza sasa."

"Hayatakiwi kupendeza. Yanatakiwa kuonekana."

"Yataonekana vipi na ukuta unang'aa? Mgeni ataona ukuta." Alisema hivyo kwa uso mkavu, naapa. Kisha akafunga ukumbi kwa kufuli ili sakafu isikanyagwe, akaweka ufunguo mfukoni hadi siku ya mgeni. Kwa hiyo wafumaji waliingia mle asubuhi ya majaribio, si kabla. Walisifia rangi. Hata Asumpta aliisifia.

Mkaguzi aliitwa Bwana Rajabu, kijana wa Kitanzania aliyesoma nje, mpole, anasalimia watu vizuri. Simchukii, hasira yangu ni ya yule wa suti. Mashine zikawashwa, kelele ikajaa, na wafumaji wakainama. Nikiwa mlangoni nikaona kibati cha kwanza kinaachia. Hakikuanguka. Rangi ilikuwa imegandia kwenye bawaba, kikateremka polepole kama mzee anayekaa, krimu mbele ya krimu. Pembe ya jicho gani ingekiona kitu kile? Haikishiki kinachokuja kwa kunyata, wala kilichovaa sare ya ukuta. Mashine ikalala. Ikafuata ya pili. Hakuna aliyegeuka.

Wafumaji wengi walifanya kile walichofundishwa: macho kwenye fundo, shingo imetulia, wakingoja kibati kiwaite. Fundo likiisha wakasimama wima kama mishumaa ya kanisani, wazuri, wametulia, mashine zao zimekufa pande zote. Asumpta peke yake ndiye aliyeshtuka. Alihisi ukumbi umebadilika, kelele imepungua, na macho yake hayamwambii kitu. Basi akaanza kugeuza shingo. Anaunga uzi, anageuka kulia, anageuka kushoto, anakimbia mwisho wa ujia, anawasha, anarudi, anageuka. Khanga ikamlegea. Jasho. Alikuwa kama mtu aliyepoteza mbuzi sokoni. Mashine zake zilikwenda, jamani! Zilisimama na kuwashwa, kusimama na kuwashwa, lakini zilikwenda. Nilimwashiria Afisa Utumishi amweleze mgeni. Midomo yake ikanambia, "Usituaibishe."

Bwana Rajabu aliona mashine zinasimama kwa kila mtu, akahitimisha kwamba mashine ni chakavu. Kwa hiyo hakuchagua kwa mashine. Alichagua kwa watu: nani ametulia, nani anababaika. Kesho yake mchana Afisa Utumishi alisimama getini akasoma majina ya wanaobaki. Mishumaa yote ilibaki. Asumpta alisikiliza hadi jina la mwisho, akaniangalia, akakunja khanga yake vizuri kama anayejiandaa kwenda misa, akaondoka. Nilitamani anitukane, maana sikuwa nimewaonya. Hakunitukana.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkaguzi. Sikupiga hodi ya adabu. Nilimwambia, "Njoo ukumbini dakika kumi, halafu ukitaka nifukuze."

Alikuja. Nilikwangua kibati kimoja kwa bisibisi hadi weusi wake ukatokea na bawaba ikalegea, kingine nikakiacha na krimu yake. Nikamfunga khanga yangu kichwani, yeye na tai yake, ikambana hadi juu ya nyusi. Wafagiaji walicheka hadi wakakaa chini. Nikampa uzi uliokatika, "Unga." Akainama. Nikaachia kibati cha krimu. Akaendelea kuunga. Nikakiachia tena na tena, hana habari. Kisha nikaachia kile cheusi. Alishtuka kama aliyemwagiwa maji, uzi ukamtoka.

Akavua khanga taratibu. Akauliza, "Yule mama aliyekuwa anakimbia huku na huku…"

"Ndiye pekee aliyejua kwamba haoni," nikamwambia. "Wengine walikuwa hawaoni na hawajui."

Akanirudishia khanga yangu. "Nimekuelewa, mama. Kweli nimekuelewa." Akaagiza siku ile ile vibati vyote vikwanguliwe, na akanipa vijana wa kunisaidia. Nikamwambia basi amrudishe Asumpta. Akatazama tai yake. "Majina yameshasomwa hadharani. Nikimrudisha mmoja, wote walioachwa watasimama getini kesho, na kila mmoja atakuwa na hoja. Hilo siliwezi."

Nilibaki pale kiwandani hadi kustaafu, na sioni haya kusema nilibaki kwa uchungu. Vibati vikafanya kazi. Mishumaa ikafanya kazi vizuri sana chini ya vibati vilivyokwanguliwa, ikapewa vyeti vya utumishi bora, na kila cheti kilipotolewa nilitoka nje nikapumua. Kazi ya watu wale ilisimama juu ya mgongo wa mwanamke aliyefukuzwa kwa kugeuza shingo. Hawakujua. Afisa Utumishi alipandishwa cheo.

Ndiyo maana neno lenu la alama za utulivu sijalisamehe, hata kama mlidhani nimekubali. Mfumo wenu unajua mtu anatazama wapi. Hongereni. Haujui anaona nini, na haujui mmemnyima nini cha kuona. Mtu akigeuka-geuka ndani ya hiyo ndoo, msimkate alama yeye, jikateni ninyi. Pembeni mwekeni kitu kinachotulia na kushtuka kwa sababu. Cha kusoma kikae katikati, na kiwe kimoja. Kadada ka katuni kapumzisheni. Wavisheni mama zenu na khanga zao kabla hamjawavisha watoto wa watu. Na kama hamuwezi kuyamaliza haya ifikapo mwezi ujao, waambieni wenye kiwanda kwamba hamko tayari. Mtaona aibu siku mbili. Hata mkisema baadaye kwamba mmeelewa, sitavutiwa, maana nimewahi kuwa mjumbe wa neno hilo.

Nililipeleka Kinole mwenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua, njia inateleza, nikapanda na viatu mkononi hadi shambani kwa Asumpta. Nilimkuta kwenye migomba na binti yake mkubwa, saa za shule, wote wawili na majembe. Nikamsalimu, nikamweleza yote: khanga, vibati, tai, yule kijana alivyoshtuka. Nilieleza kwa furaha, mjinga mimi, kama niliyemletea zawadi. Nikamalizia, "Asumpta, amini, mkaguzi ameelewa kabisa."

Hakuacha kulima. "Ameelewa?" akasema. "Vizuri. Mwambie alete huo uelewa wake huku nimpe jembe, huyu mtoto arudi shule."